Uzamili Kabla ya Udaktari: Ninachokiona Nikiwa Ndani ya Kamati

Mzazi anayenipigia simu kutoka Moshi au Kisii huwa na mshangao uleule. Mtoto kamaliza shahada ya kwanza ya baiolojia huku Marekani, miaka minne ya ada. Sasa anasema anaingia uzamili, na uzamili huo ukiisha ndipo aanze udaktari. "Mwalimu, huyu anasoma au ananizungusha?"

Ana haki ya kuuliza. Tanzania mtu hutoka kidato cha sita na Fizikia, Kemia na Baiolojia zake, akaingia MD, shahada ya udaktari, kwa miaka mitano, na uzamili wa tiba, ile MMed, ukaja baadaye akishakuwa daktari. Kenya nako kijana hutoka sekondari moja kwa moja akaanza MBChB. Marekani ngazi zimepangwa vingine: shahada ya kwanza mwanzo, kisha chuo cha tiba miaka minne. Uzamili haumo kwenye ngazi hiyo. Hakuna chuo cha tiba kinachomlazimisha mwombaji awe nao. Wengi wanaosoma uzamili wa aina hii ninayofundisha mimi wanausoma kwa sababu alama zao za shahada ya kwanza hazikutosha, nao wanatafuta mahali pa kuonyesha kwamba wanaweza.

Nafundisha fiziolojia katika programu ya namna hiyo, na ninakaa kwenye kamati inayopitia majina ya wanaotaka kuvuka kwenda mwaka wa kwanza wa udaktari. Wananiita dokta, ila ni udaktari wa vitabu. Sindano sijawahi kumchoma mtu. Chuo sikitaji, kwa kuwa mengi nitakayosema yanahusu programu nyingi. Si kitu kipya pia: ile ya Georgetown, mjini Washington, ipo tangu 1975. Mwaka mmoja, wakati mwingine miwili, mwanafunzi anasoma biokemia, fiziolojia, histolojia, famakolojia, mara nyingi kutoka kwa walimu walewale wanaofundisha wanafunzi wa udaktari, na katika baadhi ya programu anafanya mitihani ileile.

Nianze na jambo ambalo watu hulielewa visivyo kuliko yote. Uzamili haufuti GPA ya zamani, yaani wastani wa alama zako, ambao kilele chake ni 4.0. Mfumo mkuu wa kuombea vyuo vya MD, AMCAS, huhesabu alama za shahada ya kwanza mstari wake na alama za uzamili mstari wake. Mtu aliyemaliza na 2.9, akaja kwetu akapata 3.8, faili lake litasomeka 2.9 juu na 3.8 chini. Haziunganishwi. Mwenzake aliyeamua kurudi kusoma kozi za ziada za ngazi ya shahada ya kwanza, bila kuchukua uzamili, zake huingizwa kwenye hesabu ileile ya zamani. Tuseme alikuwa na krediti 120 kwa wastani wa 2.9. Akiongeza krediti 30 na zote akapata A, wastani wake mpya ni 3.12. Mwaka mzima wa A tupu umempandisha kwa sehemu mbili za kumi na kidogo. Hapo ndipo utaona kwa nini watu hukimbilia uzamili: huko anaanza ukurasa mweupe. Lakini ukurasa wa zamani bado umo ndani ya jalada, na kompyuta ya chuo kinachochuja maombi kwa GPA ya shahada ya kwanza inaweza kumweka kando kabla binadamu yeyote hajafika kwenye ule wa pili.

Tena ushindani ni mkali. Kwa mwaka wanaomba vyuo vya MD watu zaidi ya 50,000, wanaingia kama 23,000. Wastani wa GPA ya wanaoingia umekaa karibu na 3.8, na wa MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya tiba, unazidi 511. Mwenye 2.9 anayeambiwa kwamba uzamili "utamsafisha" anadanganywa, hata kama anayemwambia ana nia njema.

Sasa masharti ya kuvuka yenyewe. Ukichukua makubaliano ya programu tofauti na vyuo vyao vya tiba ukayalaza mezani, yanafanana mifupa. GPA ya uzamili isishuke chini ya kiwango fulani, mara nyingi 3.5 au karibu na hapo. Hakuna somo la chini ya B, au la chini ya B-, kutegemea chuo. Masomo yote yachukuliwe kwa mzigo kamili, bila kuacha kozi katikati ya muhula. Alama ya MCAT ifike kikomo kilichowekwa. Usaili. Mwenendo usio na doa. Mengine ni mapambo.

Kwenye karatasi hayo yanaonekana mepesi, na kijana aliyezoea mfumo wa nyumbani ambako B ni alama ya heshima hushangaa akiambiwa kwamba katika ngazi hii B ndiyo sakafu. C katika uzamili ni kama kufeli. Ukishuka chini ya 3.0 unawekwa chini ya uangalizi, na usipopanda unaonyeshwa mlango.

Kuna jambo ambalo huniuma kila mwaka. Katika vyuo vingi vya tiba siku hizi miaka ya mwanzo husahihishwa kwa kufaulu au kufeli tu. Mwanafunzi wa udaktari akipata 74 amefaulu, anaenda kulala. Kule ambako mtihani ni mmoja, mwanafunzi wangu wa uzamili aliyekaa kiti cha pili, karatasi ileile, akipata 74 huenda amepata B- na safari yake imetikisika, kwa sababu yeye anapimwa dhidi ya wastani wa darasa. Anatakiwa awashinde watu ambao tayari wamepewa nafasi anayoitafuta. Mimi naona ni kipimo kigumu kuliko haki inavyotaka. Ndivyo kilivyo, hata hivyo, na hoja ya wanaokitetea ina uzito: aliyefanya vizuri hapo, hakuna anayeweza kusema hawezi udaktari.

Mtihani wa kwanza ndio unaopima zaidi. Unakuja mapema, wiki chache tu baada ya kuanza, na wengi huwa bado wanasoma kwa mtindo uliowafikisha hapa: kukariri slaidi, kurudia maswali ya miaka iliyopita, kukesha siku mbili za mwisho. Nitoe swali moja la aina ninayotunga. Mgonjwa ametapika siku tatu mfululizo. Damu yake ina pH 7.52, baikaboneti imepanda, potasiamu imeshuka. Mkojo wake utakuwa wa asidi au wa alkali, na kwa nini?

Aliyekariri atajibu upesi: damu ina alkali nyingi, basi figo zitaitoa, mkojo utakuwa wa alkali. Ni jibu la kitabu, na hapa ni kosa. Mgonjwa huyu amepoteza asidi ya tumbo, ndiyo, lakini amepoteza pia maji na kloridi. Mwili unahisi umekauka, aldosteroni inapanda, figo zinang'ang'ania sodiamu kwa kila njia. Kloridi haitoshi, kwa hiyo sodiamu inarudishwa pamoja na baikaboneti, na badala yake zinamwagwa potasiamu na hidrojeni. Mkojo unatoka wa asidi wakati damu ni ya alkali. Mwanafunzi anayelijibu ni yule aliyejiuliza kila wakati: mwili hapa unaokoa nini kwanza? Unaokoa maji kabla ya kurekebisha pH. Huyo nikimwona Septemba ana tabia hiyo, mara nyingi namwona Mei akivuka.

Aliyeanguka mtihani wa kwanza hesabu inamkaba mapema. Programu ya mwaka mmoja ina mihula miwili. Ukitoka wa kwanza na 3.2, unahitaji 3.8 wa pili ili ufike 3.5, mzigo ukiwa uleule. Wapo wanaofanya. Siwahesabu kwenye kanuni.

Halafu kuna ile B- moja. Mwaka fulani lilikuja mbele yetu jalada la binti ambaye wazazi wake wanatoka Tabora. Krediti 30: kumi na nane A, nane B+, na nne za biokemia B-. Wastani 3.64, juu ya kiwango. Makubaliano yalisema hakuna somo chini ya B. Tulikaa tukasomeana sentensi ile mara kadhaa kana kwamba ingebadilika. Mwenzetu mmoja alisema kanuni ikiwekwa ufa kwa mmoja itakuwa ukuta wenye mlango kwa wote. Jina lake halikupita. Aliomba vyuo vingine kwa njia ya kawaida mwaka uliofuata na akapata nafasi ya DO, yaani udaktari wa osteopathi, kwa sababu nje ya makubaliano yale 3.64 ya masomo ya tiba ni alama inayoheshimika sana. Nalitaja hili kwa kuwa wanafunzi hulinda wastani na kusahau somo mojamoja. Kwenye kamati tunaanza kwa kuangalia alama ndogo kuliko zote, wastani unafuata.

Lugha ya makubaliano ndiyo inayowapoteza wazazi. Matangazo ya programu hizi yana maneno matamu, nayo hayana maana moja. Kuna chuo kinachoahidi usaili tu: ukitimiza masharti utaitwa, mengine Mungu anajua. Kuna kinachotoa nafasi ya masharti, yaani jina lako limeshakubaliwa na kinachosubiriwa ni alama. Na kuna kisichoahidi chochote isipokuwa kwamba wanafunzi wake "huangaliwa kwa jicho la pekee". Hii ya tatu ndiyo imejaa sokoni, na ada yake haipungui kwa sababu ahadi ni nyembamba. Yapo pia makubaliano yanayomfunga mwanafunzi asiombe kwingine mwaka huo.

Na hata mkuu wa programu ya uzamili akikuambia kwa mdomo wake kwamba utaingia, hana mamlaka hayo. LCME, chombo kinachoidhinisha vyuo vya MD Marekani, kinataka uamuzi wa mwisho wa kumpokea mwanafunzi uwe mikononi mwa kamati ya udahili ya chuo cha tiba chenyewe, pasipo kuingiliwa kwa siasa wala fedha. Sisi tunapeleka jina na mapendekezo. Wao ndio wanaoamua.

Kuhusu MCAT ninao ugomvi wa kudumu na vijana. Ni mtihani wa sehemu nne, kila moja ikipewa alama 118 hadi 132, jumla 472 hadi 528, na siku nzima unakaa kitini kama saa saba na nusu. Unaruhusiwa mara tatu kwa mwaka, nne kwa miaka miwili mfululizo, saba kwa maisha yako yote, na vyuo huona kila alama uliyowahi kupata. Vijana wengi huja uzamili bila alama nzuri ya MCAT wakidhani wataufanya Januari, katikati ya mihula. Matokeo yake wanaharibu viwili kwa mpigo. Mwenye MCAT mbovu na GPA nzuri hahitaji uzamili wetu. Anahitaji miezi mitatu minne ya kukaa chini na MCAT. Wanaokuja kwetu wakiwa na alama nzuri ya MCAT tayari, kichwa chao kiko kwenye darasa tu.

Kwa watoto waliokuja huku wakiwa wakubwa, waliosoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza cha darasani, kikwazo mara nyingi ni ile sehemu ya kusoma na kuchambua: maswali 53, dakika 90, habari za falsafa, sanaa, historia, hakuna sayansi hata chembe. Fizikia wanaimudu. Makala ya uchoraji wa Ulaya inawamaliza. Dawa yake haipatikani kwenye kozi za kulipia. Ni kusoma magazeti na insha ndefu za Kiingereza kila siku kwa mwaka mmoja au zaidi, na kuanza mapema.

Mwenendo nitaupitia haraka. Kuchelewa maabara, kumjibu vibaya katibu, kunakili kazi ya mwenzako: yote huandikwa. Fomu ya AMCAS inauliza waziwazi kama chuo kiliwahi kukuchukulia hatua, na kuficha ni kosa kubwa kuliko lile la mwanzo.

Sasa nirudi kwa wale wanaonijia wakiwa na 2.7 au 2.9, maana sababu yake naijua kabla hawajakaa. Wengi hawakuwa wazembe. Walikuwa wanabeba boksi. Zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, kisha kemia ogania saa tatu. Nyumbani kuna ada ya mdogo wake, kuna dawa za bibi, kuna kiwanja ambacho baba ameshalipia nusu. Mtu wa namna hii akianza uzamili huku bado anafanya zamu zilezile, programu haitatibu kilichomwangusha. Itakipima tena kwa bei kubwa zaidi. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwao halihusu alama. Nauliza: tangu Juni mwaka huu mpaka Mei mwakani, usiku utakuwa unalala? Kama jibu linaanza na "nitajitahidi", namshauri asubiri, afanye kazi mwaka, aweke akiba, akae na familia wakubaliane kuhusu fedha za kutuma. Familia ikikataa, basi ajue anaingia na mzigo na aanze na kozi moja moja za jioni, ambazo zikiharibika haziharibu kila kitu. Uzamili wa kitiba ukiharibika hakuna programu nyingine ya kuurekebisha. Kamati itasema alipewa nafasi ya kuonyesha, na akaonyesha.

Fedha zenyewe zimebadilika. Ada ya mwaka mmoja katika programu hizi ni makumi ya maelfu ya dola, bila kodi ya nyumba na chakula. Zamani mwenye uraia au kadi ya kijani alifunika pengo kwa mkopo wa serikali ulioitwa Grad PLUS. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeufuta kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Mwanafunzi wa uzamili amebakiwa na mkopo wa hadi dola 20,500 kwa mwaka. Wa shahada za taaluma kama MD, hadi 50,000. Penye upungufu ataenda benki binafsi, riba juu, na mdhamini atafutwe. Mzazi anayeombwa kusaini udhamini huo asisaini akiwa kanisani au kwenye sherehe ya mahafali. Akae, asome.

Asiye na makaratasi ya ukaazi, aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1, nina neno gumu kwake. Programu za uzamili zitampokea kwa mikono miwili kwa sababu analipa taslimu. Vyuo vya tiba vingi havimpokei kabisa, na baadhi ya vile vichache vinavyompokea hutaka fedha za mwaka mmoja hadi minne ziwekwe kwanza kwenye akaunti ya amana. Wageni wa namna hiyo ni wachache sana miongoni mwa wanaoanza MD. Anaweza kutimiza masharti yote ya uzamili, 3.9 na MCAT ya kupigiwa mfano, na bado akakosa mlango wa kubisha. Kwa wengi wa hawa MUHAS, Muhimbili, au chuo cha Nairobi ni njia fupi zaidi ya kuwa daktari kuliko yangu, kama bado wana sifa za kuingia huko, na sioni aibu kumwambia hivyo mtu anayetaka kunilipa.

Nani basi namwambia aje? Aliye na GPA ya kati ya 3.0 na 3.4 iliyokuwa ikipanda mwaka hadi mwaka. Aliye na MCAT tayari mkononi. Aliyemaliza kozi za msingi zote, baiolojia, kemia mbili, fizikia na maabara zake, kwa sababu biokemia ya uzamili haihesabiwi kila mahali kama mbadala. Aliyekwisha kufanya kazi hospitalini kiasi cha kujua kwamba udaktari una matapishi na makaratasi. Na asiye na kingine cha kufanya mwaka huo ila kusoma.

Huyo, kabla hajalipa amana ya kushikilia nafasi, aombe programu impe kwa maandishi mambo manne: kiwango cha GPA na alama ya chini kabisa inayokubalika kwa kila somo, kikomo cha MCAT na tarehe yake ya mwisho, idadi ya walioanza mwaka uliopita na waliovuka kwenda chuo chao wenyewe cha tiba, na kama kutimiza masharti kunampa kiti au kunampa usaili. Wakisita kumjibu hata moja kati ya hayo, pesa zake azirudishe mfukoni na aombe kwingine.